Somo: Kula sushi ya mkanda Japani ukashiba bila kutoboa mfuko

Wadau, wageni wengi wakifika huku Osaka hulikwepa neno sushi (vitonge vya wali wenye siki, aghalabu na samaki juu) kwa mambo mawili: samaki mbichi na bei. Samaki tutamrudia kwenye maswali. Kwa upande wa bei, tafuta mikahawa ya kaiten-zushi, ile ambayo visahani vinapita mbele yako juu ya mkanda: Sushiro, Kura Sushi, Hama Sushi. Kisahani cha bei ya chini, vipande viwili, ni yen mia na kitu, katikati ya miji mikubwa kinapanda kidogo. Mimi visahani vinane vinanitosha, tena vya jodari.

Mkanda wenyewe ulizaliwa hapa hapa. Yoshiaki Shiraishi aliona chupa za bia zikisafirishwa kiwandani, akawaza sushi nazo zinaweza kusafiri hivyo, na wapishi wachache wakalisha watu wengi. Mgahawa wake wa kwanza wa aina hii ulifunguliwa Higashi-Osaka mwaka 1958.

1. Mlangoni kuna mashine. Chagua lugha, idadi yenu, kaunta au meza, uchukue karatasi ya namba. Jumamosi jioni foleni ni balaa. Nenda siku ya kazi, saa tisa alasiri.

2. Ukishakaa, usiguse kitu kwanza. Unga wa kijani kwenye kikopo ni chai, usidhani ni wasabi, kile kiungo kikali cha kijani cha kulia sushi. Achari ya tangawizi ni bure. Na lile bomba dogo jeusi mezani ni la maji ya moto ya chai. Siku yangu ya kwanza nililiona nikafurahi: mtoto wa Tanga hali bila kunawa. Nikasukuma kitufe kwa vidole. Kabla sijapiga yowe, mzee wa meza ya jirani alishanisogezea glasi yake ya maji ya barafu nitumbukize mkono. Kunawa ni kwa kitambaa chenye unyevu, basi.

3. Agiza kwenye skrini. Siku hizi mikahawa mingi imepunguza vinavyozunguka ovyo, hasa baada ya zile video za mwaka 2023 za vijana kulamba vyombo vya wateja. Chakula chako kinakuja mbio kwenye mkanda wake na kusimama mbele yako, au skrini inalia kukuambia kinakaribia. Kisahani kilichowekwa alama kuwa kimeagizwa na meza nyingine kiache kipite, hata kama ni pweza na roho inakuuma.

4. Kula kwa vijiti au kwa mkono, vyote sawa. Chovya upande wa samaki kwenye sosi ya soya. Ukichovya wali unafyonza sosi na kusambaratika.

5. Bili ni hesabu ya visahani, kila kimoja kwa bei yake. Ukimaliza, bonyeza kitufe cha malipo, peleka namba ya meza kwenye mashine, lipa uondoke. Bakshishi hakuna.

MASWALI

Kaka, mimi samaki mbichi siwezi. Nifanyeje?
Anza na mayai (tamago), kamba wa kuchemshwa (ebi), mkunga wa kuchoma (unagi), au tango ndani ya mwani. Kuna hadi tambi za udon na viazi vya kukaanga.

Na sisi Waislamu?
Hapa niwe mkweli. Sosi nyingi za soya za Japani huongezwa alkoholi kidogo isiharibike, na mirin, pombe ya kupikia, huingia kwenye mkunga na mayai. Menyu pia huwa na nyama ya nguruwe. Mimi hubeba kichupa changu cha sosi na kubaki kwenye samaki, ila siki ya wali nayo uliza. Mwenye kutaka uhakika kamili atafute mgahawa wenye cheti cha halali.

Nikichukua kisahani nikaghairi, narudisha?
Hapana dada. Umekigusa, ni chako.

Watoto watakaa watulie?
Kura Sushi ukitumbukiza visahani vitano vitupu kwenye tundu la mezani, skrini inacheza mchezo, ukibahatika unadondoshewa kidude cha kuchezea. Ndiyo maana utamkuta baba wa watu anasukumia kisahani cha kumi na tano, shati limembana, na mtoto bado anahesabu.