Mbwa wa kuwinda anayetimka kila ukimfungulia: namna ya kumrudisha kwenye mstari

Mbwa wa kuwinda akitimka analipwa papo hapo, na hilo ndo la kulielewa kabla hujanunua filimbi wala kamba. Wala hahitaji kukamata kitu. Kunusa, kukodoa macho, kunyata, kukimbiza, kila hatua hapo ni raha tupu kwake, na watu wamekaa vizazi na vizazi wakizalisha wale mbwa wenye moto zaidi kwenye hatua fulani. Beagle kazi yake ni kufuata harufu ya ardhini bila kukuuliza wewe unaonaje, Pointer na Vizsla wanatakiwa wazunguke mbele ya mwindaji, Greyhound na Saluki wao wanaona kwa macho na kufyatuka, na Greyhound akiamua anafika karibu kilomita 70 kwa saa kwahiyo ile habari ya kumfukuza nyuma sahau kabisa. Basenji anatumia macho na pua vyote viwili, balaa mara mbili.

Kwahiyo akikutoka mbio usikae unasema huyu mkaidi, huyu hanipendi. Amepata kazi inayolipa kuliko wewe, basi. Na ubaya wake ni kwamba malipo yenyewe hayaji kila siku, leo ndege karuka, kesho hakuna kitu, keshokutwa sungura, na mbwa anakuwa mcheza kamari aliyewahi kushinda, hawezi kuacha kujaribu. Kila safari anayotoroka anazidi kunogewa. Ndo maana hatua ya kwanza sio kumfundisha kitu chochote, ni kumnyima nafasi ya kutoroka tena, hata mara moja, wakati mnaendelea na mafunzo.

Hapo inaingia kamba ndefu. Mita 10 zinatosha kuanzia, wengine wanatumia 15, na ifungwe kwenye hanesi, ile mikanda inayopita kifuani na mgongoni, usiifunge kwenye kola ya shingoni hata kidogo. Mbwa akipata mwendo wa mita 10 halafu kamba ikamkaba shingo ghafla anaumia kweli. Na zile za kujikunja zenyewe ndani ya kidude cha plastiki hazifai kwa kazi hii maana muda wote zinamvuta kidogo, anajifunza kwamba akivuta kamba inaongezeka, yaani unamfundisha kinyume. Vaa glavu. Usizungushe kamba mkononi wala kwenye kidole, iache iburuzike chini na wewe tembea karibu na ncha yake, akianza kuchomoka unaikanyaga kwa kiatu kabla haijakaza. Ukijaribu kuikamata kwa mkono mtupu ikiwa inakimbia, nailoni inachoma ngozi mpaka utajuta. Wiki ya kwanza mtajizungushia kwenye miti na miguu, vumilia, mkono unazoea.

Nyumbani nako kagua uzio, chini anakochimba na juu anakorukia, maana haina faida kumbana matembezini halafu jioni anajitoa mwenyewe uani.

Sasa kuita. Kama umeshamwita kwa jina lake au kwa "njoo" mara kibao huku yeye anaendelea na shughuli zake, hilo neno limeshaharibika, kwake ni kelele tu kama upepo. Litupe. Chagua jipya ambalo hujawahi kulitumia, au afadhali zaidi filimbi, kwa sababu filimbi haina hasira. Sauti yako ukiogopa inabadilika na mbwa anaisikia, filimbi inalia vilevile uwe umetulia au unatetemeka, na inafika mbali kuliko koo lako. Chagua mlio mmoja, tuseme vipande vitatu vifupi, na nyumbani wote waupige hivyohivyo.

Siku za mwanzo hata usimwite. Piga filimbi, hapohapo mpe nyama. Filimbi, nyama. Fanya hivyo ndani, fanya kabla ya kila mlo, mpaka ukipuliza tu shingo inageuka yenyewe kabla hajawaza. Hapo ndo unaanza kupuliza akiwa chumba cha pili, halafu uani, halafu nje pasipo na kitu, halafu nje penye vitu, ila usiongeze umbali na vishawishi kwa wakati mmoja, ukiongeza kimoja punguza kingine. Mtu anafanikiwa sebuleni leo, kesho anaenda kupuliza mbwa akiwa katikati ya kundi la njiwa, halafu anasema filimbi haifanyi kazi. Jamani.

Malipo yawe ya maana. Biskuti kavu anayopewa kila siku haiwezi kushindana na sungura. Tumia kuku aliyechemshwa, maini, jibini, kitu ambacho hapati mahali pengine popote, na usimpe kipande kimoja akaondoka, mpe vipande vidogovidogo kimoja baada ya kingine, polepole, huku unamsifia, ili kubaki hapo miguuni kwako kuwe na utamu wake. Ukiwa unampa mshike kola kidogo, muachie, mpe tena. Bila hili utazalisha mbwa anayekuja hadi karibu halafu anaruka pembeni ukinyoosha mkono, na huyo anachosha kuliko hata asiyekuja.

Halafu muachie aende tena! Hili watu wanalikosea sana. Mbwa anaitwa mara moja tu kwa matembezi mazima, na hiyo mara moja ndo mwisho wa starehe, anafungwa, nyumbani. Mbwa sio mjinga, wiki mbili tu ameshajua kwamba filimbi maana yake mchezo umeisha. Mwite mara nyingi katikati ya matembezi, mlipe, mwambie "haya nenda", na kumwita kwa ajili ya kumfunga kuwe sehemu ndogo sana ya kuita kote. Ukitaka kumuogesha au kumpa dawa usitumie filimbi, mfuate mwenyewe.

Na kuna kitu kinachosaidia kuliko kuita, ingawa hakionekani kama mafunzo: kila akigeuka mwenyewe kukuangalia bila kuitwa, mlipe. Kila mara. Mwanzoni atageuka kwa bahati tu, baadae anageuka kwa makusudi, na mbwa anayekuangalia kila baada ya hatua kadhaa hawezi kufika mbali bila wewe kujua. Badilisha njia ghafla bila kumwambia, jifiche nyuma ya mti (akiwa na kamba, mahali salama), awe na sababu ya kukuchunga wewe badala ya wewe kumchunga yeye.

Tuje kwenye kumsoma, maana hapa ndo mchezo wote ulipo. Mbwa hatimki bila taarifa. Mwangalie vizuri: alikuwa anatembea mkia umelegea unayumba, mara kichwa kinapanda juu, au pua inashuka chini na kuanza kwenda mbele na nyuma haraka haraka, masikio yanasogea mbele, mdomo uliokuwa wazi unafungwa, mkia unasimama au unaanza kutetemeka ncha, na Pointer na ndugu zake wanaweza kuinua mguu mmoja wa mbele na kuganda hivyo. Kati ya hapo na mbio kuna sekunde moja au mbili, zaidi hazipo. Hizo ndo zako. Puliza hapo, sio baada ya miguu kuondoka, kwa sababu akishaingia kwenye kukimbiza hakusikii kihivyo, akili yote imehamia mbele. Upepo nao uangalie, ukiwa unakuja kutoka mbele yenu harufu inamfikia toka mbali, na pua yake ina vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 200 wakati yako ina kama milioni 5 au 6, kwahiyo ukisema "mbona hakuna kitu hapa" ni wewe tu usiyekiona.

Na sio lazima kila mara umtake arudi. Kumwambia mbwa ageuze mgongo kwenye sungura aje kwako ni kumdai kitu kikubwa mno, lakini kumwambia asimame palepale anaweza, maana bado anaruhusiwa kuangalia. Kwahiyo mfundishe mlio wa pili, mmoja mrefu, wenye maana ya simama. Anza akiwa ubavuni kwako, puliza, akitulia mrushie kipande cha nyama nyuma yake, sio mbele, ili ajifunze kwamba akisimama kitu kizuri kinatokea upande wa kurudi. Ukiona anasimama bila kusita ongeza hatua mbili, tatu, kumi. Akisimama na kutazama ndege bila kukimbia hiyo ni kazi kubwa ameifanya, mlipe palepale alipo, nenda wewe, usimlazimishe yeye aje.

Zaidi ya hapo, mlipe kwa uwindaji wenyewe. Nyama ni nzuri lakini mbwa aliyepandwa na moto wa kukimbiza saa nyingine hata haitaki, anaitema chini. Huyo mpe anachokitaka kwa njia yako: funga kitambaa kwenye fimbo kwa kamba, akija alipoitwa anapewa kukikimbiza kidogo na kukikamata. Au rusha vipande vya nyama kwenye nyasi avitafute kwa pua. Au ficha mfuko mdogo wenye chakula ndani mita 20 mbele akautafute akuletee umfungulie. Beagle atapenda kufuata njia, buruza kipande cha nyama ardhini bila yeye kuona, weka kitu kizuri mwisho, halafu mpeleke mwanzo wa njia. Usizime uwindaji wake, hautazimika. Mwache awinde, ila awinde na wewe, na mlango wa kuingilia huo uwindaji uwe filimbi yako.

Kuna imani kwamba dawa ni kumchosha, mkimbize kwa baiskeli kila siku mpaka alale. Mazoezi anayahitaji, tena sana, lakini ukimkimbiza tu bila kumtumisha kichwa unajenga mwanariadha, mwezi ujao anahitaji kilomita zaidi na bado anatoroka. Dakika 15 za kutafuta vitu kwa pua zinamtuliza kuliko unavyodhani. Na apate usingizi wa kutosha hasa akiwa mdogo, mbwa aliyechoka kupita kiasi anapagawa, unadhani ana nguvu za ziada kumbe anahitaji kulala.

Umri nao. Kati ya miezi 6 na mwaka na nusu hivi utaona kila kitu mlichojenga kimefutika, jana alikuja leo anakuangalia halafu anaondoka. Hajasahau, ni ujana. Rudisha kamba ndefu, rudi hatua mbili nyuma kwenye mafunzo, endelea. Dume ambaye hajahasiwa anaweza pia kuwa anafuata jike aliye kwenye joto, na kuhasi mara nyingi kunapunguza uzururaji wa namna hiyo, ila hakupunguzi hamu ya kuwinda, usimpeleke kwa daktari ukitegemea sungura watapona.

Kola za umeme sizipendekezi hata kidogo. Wales wamezipiga marufuku tangu 2010, Ujerumani na Austria nako haziruhusiwi. Mbwa anaunganisha maumivu na chochote alichokuwa anakitazama, anaweza kuwa alikuwa anatazama mtoto, au mbwa mwingine, au wewe, na wengine wakipigwa shoti ndo kwanza wanakimbia mbali zaidi.

Akitoroka licha ya yote, kama bado anakuona usimfuate, kimbia wewe upande wa pili huku unapiga makelele ya furaha, au chuchumaa, jifanye umeokota kitu cha ajabu. Akishapotea machoni baki pale alipoondokea. Wengi, hasa wa pua, wanarudi kwa kufuata njia yao wenyewe, na wakikuta umehama ndo wanapotea kweli. Piga filimbi kila baada ya dakika chache, tulia kati yake usikilize. Ukilazimika kuondoka acha fulana uliyoivaa palepale, urudi kuangalia tena na tena. Namba yako ya simu iwe kwenye kola, chipu, ile ya utambulisho inayowekwa chini ya ngozi yake, iwe imesajiliwa kwa namba unayoitumia sasa na sio ile ya zamani, na kifaa cha kumfuatilia kwa setelaiti ukikipata kinaokoa roho.

Akirudi, hata baada ya saa zima, hata kama umeshapanga maneno yote ya kumwambia, meza hasira umpe nyama. Ukimchapa haelewi kwamba anachapwa kwa kutoroka, anaelewa kwamba alirudi akachapwa, kesho atachelewa zaidi.

Kuhusu kumfungulia kabisa, usiwe na haraka. Kamba ikiwa inaburuzika na wiki zinapita hujawahi kuikanyaga, hata ndege wakiruka mbele yake, basi ikate ibaki mita 5, baadae 1 anayoiburuza tu, kisha toa, kwenye eneo pana lisilo na barabara wala mifugo karibu. Ikitokea akakupuuza mara mbili siku hiyohiyo kamba inarudi bila majadiliano. Na kuna mbwa, hasa wale wa macho wenye mbio, ambao hutawafungulia kamwe sehemu ya wazi isiyo na uzio, watatembea na mita 15 zao maisha yao yote, na wanaishi vizuri tu.