Kuchagua na Kutumia Vifaa vya Kukwea Miti Kikazi: Anza na Kamba

Hivi karibuni nilimsaidia kijana mmoja kupanga vifaa vyake vya kwanza. Alikuwa amenunua mkanda wa gharama kubwa (ule wa kiunoni na mapajani ambao mkwezi huukalia), kisha kamba iliyokuwapo dukani, kisha kijikamba cha kufungia fundo, ambacho alikichagua kwa rangi. Kila kimoja kilikuwa kizuri peke yake, lakini havikuelewana hata kidogo. Mpangilio ufuatao unaanzia upande mwingine, nao unamlenga mtu ambaye tayari anafundishwa na mkwezi mzoefu, kwa kuwa maandishi hayawezi kushika nafasi ya mwalimu aliyesimama chini ya mti.

Hatua ya 1: Kamba

Chagua kamba isiyonyumbuka sana, yenye unene wa milimita 11 hadi 13. Kamba za kukwea miamba hazifai hapa, kwa sababu zimetengenezwa zirefuke ili zipunguze mshtuko wa mtu anayeanguka. Ukizitumia mtini, sehemu kubwa ya nguvu unayovutia inaishia katika kuirefusha kamba badala ya kukupandisha. Kiwango cha Ulaya EN 1891, aina A, kinaitaka kamba ihimili angalau kilonewton 22, yaani karibu uzito wa tani mbili. Mimi napendelea unene wa karibu milimita 12, kwa kuwa kiganja kinapata cha kushika hata jioni mikono ikiwa imechoka.

Hatua ya 2: Mkanda

Ning'inia ndani yake kwa robo saa kabla ya kulipa. Mapaja yakifa ganzi, uache.

Hatua ya 3: Karabina na kofia

Nunua karabina (pete za kuunganishia kamba na mkanda) ambazo lango lake hujifunga lenyewe na hufunguka kwa miondoko mitatu tofauti; zile za kuzungusha skrubu huweza kulegea zikisuguana na matawi. Kwa upande wa kofia ngumu, angalia ukanda wa kidevuni. Kofia za viwandani za EN 397 zina ukanda unaoachia kwa nguvu ya newton 150 hadi 250, ilhali za EN 12492 zimekusudiwa zibaki kichwani mtu anapoanguka, na hizo ndizo zinazomfaa mkwezi.

Hatua ya 4: Fundo la msuguano

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, na ndipo uhai wako unapotegemea kitu chenye unene wa kidole kidogo. Fundo la msuguano huizunguka kamba kuu, hubana linapobebeshwa uzito, na huteleza unapolisukuma. Karl Prusik wa Austria alilitangaza fundo lake mwaka 1931. Wakwezi wa miti leo hutumia zaidi mafundo yaitwayo Blake, Distel au Valdotain.

Tazama kwanza kijikamba kimetengenezwa kwa nini. Msuguano huzaa joto, na nyuzi hazistahimili joto kwa usawa: za aina ya Dyneema, ambazo ni nyepesi na zenye nguvu sana, huyeyuka karibu nyuzijoto 150, poliesta karibu 260, na aramidi, nyuzi za viwandani zinazostahimili joto, haiyeyuki, bali huharibika kwenye joto la juu zaidi. Kwa hiyo Dyneema, pamoja na nguvu zake zote, haifai kuwa ganda la kijikamba hiki. Chagua chenye ganda la aramidi, cha milimita 8 hadi 10, na kiwe chembamba kuliko kamba kuu, kwa kuwa kikilingana nayo hubana kwa shida. Aramidi nayo ina udhaifu wake, kwani huchoshwa na jua na kukunjwakunjwa, hivyo kijikamba hubadilishwa mapema kuliko kamba. Ukiona sehemu inang'aa na imekuwa ngumu kama plastiki, joto limekwisha kukiathiri, kiondoe kazini.

Kisha lirekebishe fundo ukiwa chini. Distel ya kawaida ina mizunguko minne au mitano juu na mmoja chini. Kaa kwenye mkanda miguu ikiwa shibiri moja kutoka ardhini, uachie mikono, uone kama fundo linashika papo hapo. Likiteleza, ongeza mzunguko mmoja. Likibana hadi haliachii, punguza mmoja. Usibadilishe mizunguko na urefu wa kijikamba kwa wakati mmoja, maana hutajua kilichosaidia ni kipi. Miguu ya fundo, yaani ncha za kijikamba zinazoshuka hadi kwenye karabina, ikiwa mirefu mno, kila unapovuta unarudi chini kidogo, na mtu hujilaumu kuwa hana nguvu. Rudia jaribio kamba inapolowa, kijikamba kikiwa kipya, au unapobeba msumeno, kwa kuwa fundo lililoshika vizuri jana linaweza kukataa leo. Jambo la mwisho ndilo zito zaidi: mtu anayeanguka hushika chochote kilicho karibu, na akilishika fundo kwa juu analilegeza, likateleza. Jizoeze kuliachia.

Vifaa vya chuma vinavyochukua nafasi ya fundo ni vizuri, lakini nashauri vije baadaye, na vitumike tu kwa kamba zilizoruhusiwa na mtengenezaji.

Hatua ya 5: Kupandisha kamba

Rusha kifuko kizito kilichofungwa uzi, kisha kwa uzi huo uipitishe kamba kwenye panda iliyo hai na iliyo karibu na shina, kisha mwivute watu wawili kabla ya mmoja kupanda. Ukifunga ncha ya kamba kwenye kitako cha mti, panda hiyo itabeba karibu mara mbili ya uzito wako.

Hatua ya 6: Kukata

Unapowasha msumeno wa mnyororo, shikiziwa sehemu mbili: kamba kuu na kamba ya kiunoni yenye kiini cha chuma. Kiini hicho huchelewesha tu meno ya msumeno, na hupitisha umeme, hivyo usikipeleke karibu na nyaya. Miiba ya chuma ya miguuni ni ya mti unaoondolewa tu, kwa kuwa hujeruhi mti unaobaki. Chini awepo mwenzako mwenye vifaa vyake na ujuzi wa kukushusha, kwa sababu kuning'inia bila kusogea kunahatarisha uhai haraka.

Kila asubuhi pitisha kamba yote vidoleni. Ukigusa sehemu iliyolainika au iliyobapa, kiini kimeumia. Usiihifadhi kamba ya nailoni karibu na betri ya gari, kwani asidi huila bila kuacha alama inayoonekana.