Mzazi ana ugonjwa wa kusahau: namna ya kufuatilia kumbukumbu yako kuanzia miaka 40

Mama akianza kuuliza jambo lile lile mara nne kabla chai haijapoa, watoto wake nao huanza kujichunguza. Funguo zikipotea, moyo unalipuka. Jina la jirani likigoma kuja, usingizi umekwenda. Hofu ya namna hiyo haipimi kitu. Kinachopima ni rekodi: karatasi inayoonyesha ulivyokuwa ulipokuwa mzima, ili miaka 5 baadaye pawe na cha kulinganisha. Daktari anayekuona kwa mara ya kwanza hajui kama wewe ulikuwa mtu wa kushika namba za simu 30 kichwani, au mtu ambaye hajawahi kukumbuka tarehe ya harusi yake mwenyewe.

Maelezo haya ni ya mtu mwenye mzazi, kaka au dada aliyepata demensia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri), hasa ya aina ya Alzheimer, naye mwenyewe bado yuko sawa au anahisi kuna kitu kinaanza.

Anza na ukoo

Chora ukoo wako pande zote mbili hadi kwa babu na bibi. Kwa kila aliyeugua andika mambo matatu: alianza akiwa na umri gani, kilichoharibika kwanza ni nini, na alikuwa na maradhi gani mengine (presha, kisukari, kiharusi, pombe).

Umri ndio mgumu kuupata na ndio wenye thamani kuliko yote. Watu hutaja mwaka ambao ugonjwa ulijulikana na wote, si mwaka ulioanza, na kati ya hapo huwa imepita miaka kadhaa. Usiulize "Mzee alianza kusahau lini?" Uliza kwa matukio: "Shangazi, kwenye harusi ya kitinda mimba, Mzee alikuwa bado anajua mahari imefika ngapi?" Kama mwaka wa kuzaliwa haujulikani, tafuta alikuwa na umri gani wakati wa Uhuru au Vita vya Kagera.

Mzazi mmoja aliyeanza baada ya miaka 65 huongeza hatari yako hadi karibu mara 2 ya mtu asiye na mgonjwa nyumbani. Ni hatari, si hukumu. Hali ni nyingine kabisa pale watu watatu wa upande mmoja, katika vizazi viwili au zaidi, walipoanza kabla ya miaka 60. Hapo huenda kuna kasoro katika jeni moja kati ya tatu: APP, PSEN1 au PSEN2, ambapo kila mtoto ana nafasi ya asilimia 50 ya kuirithi. Familia hizi ni chache, chini ya asilimia 1 ya wagonjwa wote wa Alzheimer. Kundi kubwa linalojulikana liko Antioquia, Kolombia, ambako daktari Francisco Lopera alilifuatilia kwa miongo kadhaa. Wenye kasoro ile huanza kupungukiwa kumbukumbu wakiwa na karibu miaka 44 na kufikia demensia karibu na 49.

Kilichoanza kwanza nacho kinasema. Kurudia maswali huelekeza kwenye Alzheimer. Mtu mpole aliyeanza matusi, udokozi na kukosa haya akiwa na miaka 50 na kitu, huku kumbukumbu ikiwa nzuri, huelekeza kwenye demensia ya sehemu ya mbele ya ubongo (na mara nyingi nyumbani husemwa karogwa). Aliyeshuka kwa hatua, kila hatua baada ya kiharusi, ameachia familia urithi wa presha zaidi kuliko wa Alzheimer, na presha inatibika.

Kinachotokea ndani

Protini mbili zinahusika. Amiloidi hujikusanya nje ya seli za ubongo, tau hujisokota ndani yake. Sehemu inayoumia mapema ni hipokampasi na jirani zake, pale tukio la leo linapogeuzwa kuwa kumbukumbu ya kesho. Ndiyo maana mgonjwa anakusimulia shule ya mwaka 1965 na hajui kama amekula.

Mambo haya huanza mapema sana. Utafiti wa DIAN, unaofuata familia zenye jeni zile tatu, ulionyesha mwaka 2012 kuwa amiloidi katika maji ya uti wa mgongo huanza kubadilika karibu miaka 25 kabla ya wakati dalili zinapotarajiwa, ubongo kusinyaa huonekana karibu miaka 15 kabla, na kumbukumbu ya matukio huanza kulegea miaka 10 kabla. Kwa hiyo mwenye miaka 45 na mzazi aliyeanza akiwa na 70 hana sababu ya kukimbilia picha ya MRI. Picha moja haitamwambia mengi. Kasi ya kusinyaa hujulikana kwa kulinganisha picha mbili. Isitoshe, wapo wazee wengi wanaokufa na amiloidi kichwani na akili zao timamu.

Jipime nyumbani, mara moja kwa mwaka

Unahitaji mtu wa kukusomea, karatasi, saa yenye sekunde, njiti nane za kiberiti na dakika 40 za utulivu. Fanya asubuhi, umelala vizuri na umekula. Usifanye siku ya homa, wala wiki za msiba, wala mchana wa Ramadhani ukiwa umefunga. Zima simu. Lugha iwe ile unayoiotea ndoto: aliyekulia Kisukuma akipimwa kwa Kiswahili cha shule atapoteza maneno bure.

Orodha A: shoka, embe, shangazi, daraja, mvua, kikapu, mlango, barua, kioo, ngoma. Orodha B, ya mwaka utakaofuata: sufuria, nyota, mkulima, kitanda, sabuni, soko, pete, msitu, kamba, kalamu. Ukitunga zako, usiweke mnyama, kwa sababu utakayoiona hapa chini, wala maneno mawili ya jamii moja kama chumvi na sukari. Moja litalivuta jingine.

Msomaji asome neno moja kila sekunde 2, kwa sauti bapa. Akiyaimba kama shairi, utayashika kwa mahadhi na kipimo kimeharibika. Taja unayoyakumbuka kwa mpangilio wowote. Yeye aweke alama. Arudie mara ya pili na ya tatu, kila mara akibadilisha mpangilio. Utapata namba tatu, tuseme 5, 7, 9. Kupanda huko ndiko afya.

Kisha msomaji apange njiti nne ziwe umbo lenye pembe, kila kichwa cha njiti kikielekea upande wake. Nawe unakili kwa nne zako, pamoja na uelekeo wa vichwa. Njiti si mchezo. Kipimo cha IDEA, kilichotengenezwa kwa kazi iliyofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, hutumia njiti, maneno kumi na majina ya wanyama, kwa kuwa kumwambia achore saa mzee ambaye hajawahi kushika kalamu ni kumwonea.

Halafu wanyama: taja wengi uwezavyo kwa sekunde 60. Ng'ombe, fahali na ndama ni mmoja. Samaki na ndege wanahesabiwa. Msomaji aandike wote, hata waliorudiwa, na apige mstari kila sekunde 15 ili ionekane ulikaukiwa wapi.

Osha vyombo hadi zitimie dakika 20 tangu orodha iliposomwa mara ya tatu. Redio isiongee. Sasa taja tena maneno yale kumi bila kusomewa. Mwisho, msomaji asome maneno 20, kumi yako na kumi mapya yaliyochanganywa (yasitoke orodha B, utaihitaji), nawe useme "lilikuwepo" au "halikuwepo".

Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo yenye habari. Mwenye mawazo, sonona au usingizi mbovu atataja maneno 4 tu kati ya 10, lakini akisomewa anayatambua karibu yote: mzigo upo ghalani, ufunguo ndio umekwama. Hipokampasi ikiwa inaumia, mzigo haukuingia ghalani. Hata akisomewa hatambui, au anayakubali mapya kana kwamba ameyasikia.

Maneno ya dakika 20 yakishuka kutoka 8 mwaka jana hadi 6 mwaka huu, si habari bado. Tofauti ya maneno 2 huletwa hata na kitanda kibaya. Rudia baada ya mwezi kwa orodha nyingine. Ila ukipata 4, 5, 5, kisha neno 1, na kutambua nako kukavurugika, na mwezi uliofuata hali ikawa ile ile, peleka karatasi zote mbili kwa daktari. Usijilinganishe na mke, mume wala mdogo wako mwenye shahada. Wala usijipime kila mwezi: utauzoea mtihani, na mazoea yatakificha unachokitafuta.

Shahidi

Mwenye wasiwasi na kumbukumbu yake, anayekuja kliniki peke yake na mifano kumi aliyoipanga vizuri, mara nyingi hana Alzheimer. Aliyeletwa na mkewe, huku akisema "huyu anakuza mambo", ndiye anayetazamwa kwa makini zaidi. Ugonjwa huu humnyima mtu hata habari za kuugua kwake. Basi chagua mtu mmoja unayeishi naye, mpe daftari na ruhusa ya kuandika bila kukuomba radhi.

Aandike tarehe na tukio lenyewe, si "anasahau sana". Jina lililokupotea mchana likaja lenyewe usiku ukiwa kitandani, aliache. Kukosea tarakimu moja ya namba kwenye M-Pesa, aliache. Kumtumia mtu yule yule pesa mara mbili kwa sababu hukumbuki kwamba ulishatuma, aandike. Kusahau chumvi kwenye pilau si kitu. Mpishi wa miaka 30 aliyesimama na bizari mkononi, vitunguu vinaungua, hajui kinachofuata, hilo liandikwe na saa yake. Vivyo hivyo kurudia kisa kile kile ndani ya saa moja, na kupotea njia ya kila siku.

Hospitali: ondoa vinavyofanana

Kabla ya kutaja Alzheimer, kuna mambo yanayotibika. Omba vipimo vya picha kamili ya damu, sukari, figo na chumvi za mwili, homoni za tezi ya thairoidi, vitamini B12, VVU na kaswende. Anayetumia metformin (dawa ya kisukari) kwa miaka mingi asikubali B12 irukwe, kwa sababu dawa hiyo huishusha. Beba dawa zako zote kwenye mfuko, zikiwemo za dukani: piriton na wenzake wa mafua wanaoleta usingizi, amitriptyline na diazepam hutia ukungu kwenye kumbukumbu, hasa kwa waliopita miaka 60. Usiziache ghafla, muulize daktari. Mtajie pia kama unakoroma na kukata pumzi usingizini.

Jeni na kipimo kipya cha damu

Jeni inayouzwa kwenye vifurushi vya mtandaoni ni APOE. Mwenye nakala moja ya aina ya e4 ana hatari ya takriban mara 2 hadi 3, mwenye mbili mara 8 na zaidi. Hesabu hizo zimetoka zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Kwa Waafrika athari ya e4 imeonekana kuwa dhaifu. Kwa mtu asiye na dalili, jibu la APOE halibadilishi hatua yoyote ya mwongozo huu, na likishajulikana halifutiki. Jeni zile tatu za mapema ni jambo jingine: zipimwe tu baada ya ushauri nasaha, na ikiwezekana mgonjwa mwenyewe atangulie kupimwa.

Mwezi Mei 2025 Marekani iliidhinisha kipimo cha damu cha kwanza cha Alzheimer, kinacholinganisha p-tau217 (aina ya tau) na amiloidi. Kimeidhinishwa kwa watu wazima ambao tayari wana dalili, si kwa mtoto wa mgonjwa mwenye hofu. Lecanemab, dawa ya kuondoa amiloidi iliyopata idhini kamili huko mwaka 2023, hupunguza kasi tu, huhitaji MRI za mara kwa mara, na uvimbe na uvujaji wa damu kwenye ubongo huwapata zaidi wenye nakala mbili za e4.

Unachoweza kupunguza

Tume ya jarida la Lancet ilihesabu mwaka 2024 mambo 14 yanayozuilika, yanayobeba karibu asilimia 45 ya demensia duniani. Kama una nguvu za kushika machache, shika presha na masikio.

Presha ya namba ya juu isizidi 130 kuanzia miaka 40. Ipime nyumbani kwa siku 7, asubuhi na jioni: kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, mkono mezani usawa wa moyo, kibofu kikiwa kitupu, soma mara mbili kwa kupishana dakika moja. Tupa namba za siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki. Iliyopimwa umesimama foleni, umetoka kupanda ngazi, haihesabiwi.

Masikio huachwa kwa sababu ya aibu. Ubongo unaohangaika kusikia haubakiwi na nguvu ya kuhifadhi, na asiyesikia hujitenga barazani. Anza na nta: iondolewe kliniki, si kwa njiti ya kiberiti. Kama bado husikii mnong'ono wa mtu aliye nyuma yako hatua mbili, pima usikivu. Jaribio la ACHIEVE, Marekani, mwaka 2023, halikuonyesha faida ya vifaa vya kusikia kwa washiriki wote kwa jumla, lakini kwa wazee waliokuwa na hatari kubwa zaidi kasi ya kushuka kwa akili ilipungua kwa asilimia 48 katika miaka 3.

Kuumia kichwa nako ni mlango wa demensia, basi abiria wa bodaboda avae helmeti yenye mkanda unaofungwa. Inayoyumba kichwani hutangulia kuruka, kichwa kinafuata lami kikiwa wazi.