Kagua bloku kabla ya kumlipa fundi wa mashine: Land Rover ya zamani, Mombasa

Bloku ya injini ya Land Rover Series III ya petroli, ile ya lita 2.25, ni chuma cha kusubu na ni ngumu kweli. Lakini hapa Mombasa kinachoimaliza mara nyingi si mwendo, ni maji. Gari limenyweshwa maji ya kisima yenye chumvi miaka na miaka, dawa ya redieta haikutiwa kwa hoja kwamba pwani hakuna baridi, na kutu ikala kutoka ndani. Dawa ile huzuia kutu pia, hata pasipo baridi yoyote. Ndiyo maana tunasema ukaguzi uanzie kwenye njia za maji na nyufa. Kupanua silinda, yaani kuzichonga zichukue pistoni kubwa zaidi, ni gharama, na bloku yenye ufa mbaya hairudishi pesa hiyo.

Ukiwa bado unanunua, linganisha namba ya injini na iliyoandikwa kwenye logibuku. Namba iliyokwaruzwa au kugongwa upya ni sababu tosha ya kuiacha.

Vua kila kitu. Kofia za beringi kuu, zile zinazoshika kranki, zitie alama ya namba na upande unaotazama mbele, maana zilichongwa zikiwa zimefungwa mahali pake na haziwezi kubadilishana. Ng'oa vifuniko vya bati vya njia za maji vilivyo ubavuni, na plagi za njia za oili pia. Hizi za oili mafundi wengi huziruka, na nyuma yake ndipo hukaa matope yenye chembe za chuma yatakayokwaruza beringi mpya siku ya kwanza. Osha kwa kostiki soda na maji moto, ukiwa na glavu na miwani. Chochote cha aluminiamu kisiguse maji hayo, kitaliwa. Suuza, kausha kwa upepo wa kompresa, kisha paka oili papo hapo. Kwa hewa ya chumvi ya huku, ukiilaza kavu asubuhi utaikuta imeota kutu.

Sasa ingiza waya mgumu kwenye matundu ya vifuniko na uchokonoe, hasa kuzunguka silinda ya nne. Hiyo ndiyo iliyo mbali zaidi na pampu ya maji, mtiririko ni hafifu, na magamba ya kutu hujikusanya huko. Gonga kuta taratibu kwa nyundo ndogo: palipoliwa hutoa sauti ya bati. Tazama pia matundu ya maji kwenye uso wa juu. Kutu ikiwa imeyatafuna hadi karibu na mstari ambapo gasketi hubana silinda, gasketi mpya haitadumu.

Nyufa hujificha kati ya silinda na silinda, kwenye matundu ya bolti za hedi (kichwa cha injini), kwenye kuta zinazobeba beringi kuu, na ubavuni penye maji. Njia rahisi ni mafuta ya taa: paka, acha nusu saa, futa hadi pakauke, kisha nyunyiza unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ufani yatachora mstari wenye unyevu. Njia hii haioni ufa wa ndani ya njia za maji, kwa hiyo mwombe fundi wa mashine azibe matundu yote na kuijaribu bloku kwa presha, paundi 40 hivi, kwa maji moto. Yawe moto, kwa sababu kuna nyufa zinazofunguka chuma kinapopata joto tu. Gari linaloshuka mlima wa Mazeras salama na kuchemka likipanda huenda lina ufa wa aina hiyo.

Uso wa juu upime kwa rula ya chuma iliyonyooka na filagegi (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), kwa urefu, kwa upana na pembe kwa pembe. Filagegi ya 0.05 mm isipite. Ikipita ya 0.10, lazima usawazishwe.

Silinda ya kiwandani ni 90.47 mm. Pima kimo cha juu, cha kati na cha chini, na kila kimo mara mbili: kwa urefu wa injini, kisha kwa upana wake, upande ambao pistoni husukumwa. Ulaji mkubwa huwa milimita kumi hivi kutoka juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia. Huna gegi ya silinda? Tia ringi moja, inyooshe kwa kuisukuma na kichwa cha pistoni, upime mwanya wake juu na chini. Tofauti igawe kwa 3.14. Mwanya wa 0.90 juu na 0.40 chini maana yake silinda imepanuka 0.16 mm juu kuliko chini, na hiyo ni ya kupanuliwa. Ringi mpya peke yake zitakula oili baada ya muda mfupi.

Pistoni za saizi kubwa huja kwa hatua za 10, 20, 30 na 40, yaani sehemu hizo kati ya elfu moja za inchi. Ukipata 90.80 juu, hatua ya 10 haitoshi kwa kuwa inaishia 90.72. Ya 20 inafika 90.98 na kwa kawaida husafisha, ila kama ulaji uko upande mmoja tu fundi atataka 30. Silinda zote nne ziende saizi moja. Nunua pistoni kwanza, upeleke pamoja na bloku, kwani fundi hupima nafasi kwa pistoni yenyewe. Tazama pia namba iliyogongwa kichwani mwa pistoni za zamani: ikiwa ni 40 tayari, kilichobaki ni kuingiza slivu, yaani bomba la chuma linalokuwa ukuta mpya wa silinda.

Peugeot 504 ya petroli ni habari nyingine. Slivu zake zimekaa ndani ya maji na hubadilishwa, hazipanuliwi. Kwake kagua kikalio cha slivu kule chini. Kikiwa na mashimo ya kutu, maji yataingia kwenye oili hata slivu zikiwa mpya.

Rudi kwenye Land Rover. Funga kofia za beringi kuu bila beringi, kwa nguvu iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, na ulaze rula ndani ya mahandaki yake. Injini za kabla ya 1980 zina beringi kuu tatu, za baadaye tano. Filagegi ya 0.04 mm ikipita chini ya rula, mstari umepinda na lazima uchongwe upya, la sivyo kranki itabanwa.

Mwisho ni nyuzi za bolti. Ni za inchi. Mtu akilazimisha bolti ya milimita huziharibu, basi jaribu kila tundu kwa bolti sahihi, kwa mkono. Matundu ya bolti za hedi yapulize hadi yakauke kabisa: oili iliyobaki chini haina pa kwenda bolti inapokazwa, na hupasua bloku.