Kabla ya kutega kipokezi cha setilaiti za hali ya hewa Mombasa: mambo ya kuzingatia

Setilaiti ya hali ya hewa inayozunguka dunia kutoka ncha hadi ncha haimsubiri mtu. Huchomoza upande mmoja wa upeo wa macho, ikapanda, ikashuka na kutua upande wa pili ndani ya dakika 15 hivi, na muda wote huo huwa inatuma picha ya mawingu, mstari baada ya mstari, kwa yeyote aliye na antena na kipokezi kinachofaa. Kwa hiyo mkazi wa Mombasa anayetaka kuinasa kwa kipokezi cha kubebeka, chenye vifaa vinavyoenea kwenye mkoba mmoja, hana budi kuimaliza sehemu kubwa ya kazi akiwa bado nyumbani. Kinachoshindikana nje huwa, mara nyingi, ni kitu ambacho kingegunduliwa mezani siku moja kabla.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba setilaiti unayoikusudia bado inafanya kazi. Hili huonekana dogo, lakini ndilo linalopoteza fedha za watu. Redio za WorldSpace, zilizopokea stesheni kutoka setilaiti ya AfriStar iliyorushwa mwaka 1998, bado unaweza kuziona zikiuzwa kama mitumba, na antena yake ndogo ya bapa ikiwa safi kabisa. Ila kampuni iliyoziendesha ilifilisika mwaka 2008 na matangazo yake yakakoma, kwa hiyo asikushawishi mtu kuinunua kwa ajili ya kusikiliza stesheni. Kwa upande wa hali ya hewa, setilaiti tatu za Marekani zilizopendwa sana na wanaoanza, yaani NOAA-15, NOAA-18 na NOAA-19, zilizimwa kati ya Juni na Agosti 2025. Mwongozo wowote unaokuagiza uende kwenye megahezi 137.62 au 137.9125 ukasubiri mlio wa tiki-tiki umepitwa na wakati, hata kama umeandikwa vizuri namna gani. Zilizobaki katika masafa hayo ni za Urusi: Meteor-M N2-3 iliyorushwa Juni 2023 na Meteor-M N2-4 iliyorushwa Februari 2024, ambazo hutuma kwenye megahezi 137.9 na wakati mwingine huhamishiwa 137.1. Kabla ya kutoka nyumbani, tazama taarifa za siku hizo za wapokeaji wengine ili ujue ipi iko hewani na iko kwenye masafa gani.

Mabadiliko haya yamebadili pia kiwango cha umakini kinachotakiwa. Mawimbi ya NOAA yalikuwa ya analogi, na yalimsamehe mzembe: antena ikiwa mbovu picha ilikuja na chuya, lakini ilikuja. Mawimbi ya Meteor ni ya dijitali. Yakishuka chini ya kiwango fulani hupati picha hafifu, unapata pengo jeusi. Vilevile hayana mlio wa kutambulika. Masikioni ni mvumo tu, na utayatambua kwa macho, kwenye mchoro wa masafa ambao programu ya kompyuta huonyesha, yanapojitokeza kama kilima kipana cha kilohezi zaidi ya 100 kilichoinuka juu ya kelele.

Jambo la pili ni ratiba, na hapa ukaribu wetu na ikweta unatugharimu. Ukaribu huo ulizifaa roketi: ni kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ambapo setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Kwa msikilizaji wa setilaiti za ncha hadi ncha mambo ni kinyume. Aliye karibu na ncha ya dunia huziona karibu kila zinapozunguka, ilhali sisi huku kila mzunguko hutupita umbali wa kilomita 2,800 hivi kutoka ule uliotangulia, kwa kuwa dunia nayo inageuka chini yake. Matokeo yake ni kwamba setilaiti moja hukupa nafasi mbili au tatu za mchana na mbili au tatu za usiku, na kati ya hizo ni moja tu, pengine hakuna, inayopanda zaidi ya nyuzi 30 kutoka upeo. Zilizo chini ya hapo sishauri anayeanza ahangaike nazo. Programu kama Look4Sat ya simu za Android au Gpredict ya kompyuta hukokotoa ratiba yote bila intaneti, mradi data za obiti, yaani vipimo vya njia ya setilaiti angani, umezipakua upya kabla ya kutoka; zisiwe na umri wa zaidi ya wiki moja.

Soma saa kwa uangalifu mkubwa. Programu nyingi huonyesha saa za UTC, yaani saa za pamoja za kimataifa, Kenya iko saa 3 mbele ya hizo, na sisi wenyewe tunapozungumza tunahesabu saa kuanzia alfajiri. Kwa hivyo 06:40 ya UTC ni 09:40 kwenye simu yako, na kwa mdomo ni saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Watu wawili wakiagizana kwa simu kukutana “saa tatu”, mmoja akiwa amesoma 03:00 ya UTC na mwenzake akiwa na maana ya saa tatu yetu, watapishana kwa saa tatu kamili na setilaiti itakuwa imekwenda zake. Andika kwenye karatasi muda wa kuchomoza, muda wa kufika juu kabisa na muda wa kutua, vyote kwa saa za simu, pamoja na upande itakakotokea.

Kipokezi chenyewe siku hizi ni kifaa cha USB kinachofanana na flashi, cha aina ya RTL-SDR, ambacho chipu yake ilitengenezwa mwanzoni kwa ajili ya televisheni ya dijitali. Vya bei ya chini sana vina kasoro moja ya kuchunguzwa mapema: fuwele yake huhama kadiri inavyopata joto. Kifaa kinachokosea sehemu 50 kwa milioni kitakuwa nje kwa karibu kilohezi 7 kwenye megahezi 137.9, wakati mwendo wa setilaiti yenyewe husogeza masafa kwa kilohezi 3 hivi tu. Chenye fuwele iliyodhibitiwa joto hukosea sehemu 1 kwa milioni, ambayo ni kama hezi 138, na hiyo haina madhara. Kwa joto la Mombasa, na kifaa kikiwa kimechomekwa juani, tofauti ya bei kati ya hivyo viwili inastahili kulipwa. Kiwashe robo saa kabla ya setilaiti kuchomoza ili kiwe kimetulia.

Antena ndiyo mahali pa kutumia muda wako. Inayomfaa anayeanza ni ile ya fimbo mbili zilizotanuliwa mfano wa herufi V, kila fimbo ikiwa na urefu wa sentimita 53.4 na pembe kati yake ikiwa nyuzi 120. Fimbo nyembamba za alumini zinatosha. Hukazwa ndani ya koneta ya plastiki yenye skurubu, ile ile mafundi wa umeme wanayoungia nyaya za taa, waya wa kati wa kebo ukienda kwenye fimbo moja na wavu wa nje ukienda kwenye ya pili. Kisha V hulazwa sambamba na ardhi, mdomo wake ukielekea kaskazini au kusini, kwa sababu huko ndiko setilaiti zinakotoka na kwenda. Zipo antena bora zaidi, hasa zile za kusokotwa zinazolingana na mzunguko wa mawimbi yenyewe, lakini ni ngumu kuzitengeneza kwa usahihi na ni kero kuzibeba kwenye matatu.

Kimo cha kuitundika hakichaguliwi kwa kubahatisha. Urefu wa wimbi katika megahezi 137.9 ni mita 2.17. Ukiitundika antena mita 1 na kidogo juu ya paa la mabati, mawimbi yanayoigonga bati na kurudi juu yatakutana na yale yanayoshuka moja kwa moja na kuyafuta, tena pale pale setilaiti inapopita utosini, ambapo ulitarajia mapokezi mazuri kuliko yote. Ikiwa karibu nusu mita juu ya bati, mawimbi hayo mawili huungana na kusaidiana. Kijiti cha bomba la plastiki la sentimita 55 kinatosha kabisa, na anayedhani kwamba antena ikienda juu zaidi ndiyo itapokea vizuri zaidi ataharibu kwa mikono yake kile alichokipima kwa uangalifu.

Ukiwa bado mezani, pima kwa multimita: kila fimbo iwe imeunganika na waya wake, na fimbo mbili zisigusane. Kebo iwe fupi, mita 3 au 4. Hewa yetu ya chumvi hula viungo haraka, skurubu za chuma cha kawaida hushika kutu na wavu wa shaba huota ukijani ndani ya ganda la kebo pasipo kuonekana kwa nje, kwa hiyo kata ncha ya kebo ya zamani na uimenye upya badala ya kuiamini. Antena iliyokaa ufukweni ipanguswe kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo ya chumvi, ikaushwe, ndipo irudishwe mkobani.

Kuhusu mahali, wengi hukimbilia ufukweni kwa kuwa kuko wazi, na si kosa, ila ufukwe wa Nyali au Bamburi uko wazi upande wa mashariki tu, na nyuma yako hoteli na majumba yanaziba magharibi. Setilaiti inayopita magharibi mwa Mombasa utaipoteza nusu. Bustani ya Mama Ngina iko wazi vizuri kuelekea kusini na mashariki. Vichochoro vya Mji wa Kale havifai hata kidogo, lakini paa la saruji la nyumba yoyote ya ghorofa huko, ukipata ruhusa ya mwenye nyumba, linaweza kushinda ufukwe. Penye uwazi kamili unaweza kuanza kuisikia setilaiti ikiwa juu ya Sudan na kuiacha ikiwa kusini mwa Msumbiji. Usiamini dira ya simu ukiwa juu ya mabati au kando ya tangi lenye fremu ya chuma. Tafuta kaskazini kwa ramani.

Epuka kutega karibu na kivuko cha Likoni, bandari ya Kilindini, kambi ya wanamaji ya Mtongwe na uwanja wa ndege wa Moi. Chombo hiki hupokea tu, hakirushi mawimbi, lakini mlinzi anayemwona mtu na fimbo zilizotanuliwa, nyaya na kipakatalishi hana njia ya kulijua hilo, na maelezo yako yatazimaliza dakika zako. Mwambie mapema askari wa jengo au wa bustani unachofanya, kwa adabu, na umwonyeshe picha uliyowahi kupokea. Kurusha mawimbi ni jambo lingine, lenye leseni yake kutoka Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Jiji lina kelele zake za redio pia. Stesheni za FM zilizo kati ya megahezi 88 na 108 zina nguvu ya kukizidi kipokezi kidogo hata kama hazimo kwenye masafa yako, na marubani huzungumza chini kidogo tu ya 137. Kichujio cha kuzuia FM husaidia sana. Kama huna, usipandishe ukuzaji wa kipokezi hadi mwisho. Chaja za simu na za kipakatalishi, pamoja na taa za LED za bei rahisi, nazo hutoa mvumo katika masafa haya haya. Jaribio lake ni jepesi: washa mchoro wa masafa, chomoa chaja, utazame kama kelele inashuka. Ikishuka, utafanya kazi kwa betri, na betri ijazwe usiku, kwa kuwa umeme unaweza kukatika alfajiri ukiwa unajiandaa.

Kwenye kompyuta, programu ya SatDump hupokea, kurekodi na kufasiri picha yenyewe, nayo ina toleo la Android. Ifungue siku moja kabla, chagua aina ya setilaiti na kasi ya data, kwa kuwa kuna chaguo la 72k na la 80k, kisha ijaribu ukiwa huna intaneti. Rekodi mawimbi ghafi pamoja na kufasiri moja kwa moja, ili ukikosea chaguo uweze kurudia hesabu baadaye. Hapo angalia nafasi ya diski: kwa sampuli, yaani vipimo vya mawimbi, milioni 2.4 kwa sekunde, kila moja ikichukua baiti 2, dakika 15 hujaza zaidi ya gigabaiti 4.3, na kadi iliyofomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, haikubali faili linalozidi gigabaiti 4. Rekodi itakatika setilaiti ikielekea kutua, bila onyo. Punguza sampuli hadi milioni 1 kwa sekunde na faili litakuwa chini ya gigabaiti 2.

Mvua haizuii masafa haya jinsi inavyoyazuia ya dishi za televisheni, kwa hiyo masika na vuli si sababu ya kukaa ndani. Radi ndiyo sababu, na ikisikika hata mbali shuka paani. Kusi likivuma, funga mguu wa antena kwa mfuko wa mchanga. Na kama unaitaka picha kwa ajili ya ndugu wanaokwenda baharini, wafahamishe kwamba inaonyesha mawingu yalivyokuwa dakika hiyo, si yatakavyokuwa. Mkusanyiko kama ule wa kimbunga Hidaya, kilichofika Tanzania Mei 2024, unaweza kuonekana waziwazi ndani yake, lakini uamuzi wa kutia mashua majini utokane na utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya.

Setilaiti ikishatua, usikimbilie kufunga kipakatalishi. Ngoja programu imalize kuandika faili, lipe jina lenye tarehe, setilaiti na mwinuko wake wa juu kabisa, kisha linakili kwenye diski ya pili kabla ya kuanza kuremba rangi za picha.