Mtu akikwambia "nitajie kitabu kizuri", usikurupuke

Nina kaduka ka steshenari, fotokopi na kuprinti, na nyuma ya kaunta kuna rafu ya vitabu vyangu mwenyewe naazimisha watu, wala haukuwa mpango, ilianza tu mtu anasubiri fotokopi zake anavuta kitabu anasoma kurasa mbili tatu halafu anauliza "hiki unauza?" Siuzi. Ila nimeshaulizwa "nitajie kitabu kizuri" mara nyingi kiasi kwamba nimejifunza kwa kukosea, na nimekosea sana tu, sasa acha niandike ninavyofanya siku hizi.

Kosa langu kubwa nililifanya kwa binamu yangu. Jamaa kamaliza riwaya zote za Elvis Musiba nilizokuwa nazo, zile za mpelelezi Willy Gamba, kila wiki anakuja na macho mekundu anataka nyingine. Nikaona huyu sasa kaiva, nikampa Nagona ya Kezilahabi. Ni chembamba, nikajua siku mbili kakimaliza. Sasa Nagona kwa asiyeijua ni ya 1990, ina falsafa na mambo kama ya ndotoni, mi naipenda mpaka basi. Kakaa nayo wiki tatu, kairudisha, kaniambia "kaka, mbona humu hakuna hata anayekimbizwa?" Baada ya hapo hakuniomba kitabu karibu mwaka mzima. Kitabu hakina kosa, na yeye hana kosa, ni mimi nilimpa ninachokipenda mimi wakati nilitakiwa nimtafutie anachokitafuta yeye. Leo ningempa Bwana Msa, Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla cha mwaka 1960, kuna maiti, kuna huyo Bwana Msa mpelelezi anavuta kiko anawaza taratibu huku wenzake wanahangaika, yaani mtu wa Willy Gamba anaingia humo bila kupigwa breki ghafla.

Kwa hiyo cha kwanza, acha kumuuliza mtu "unapenda vitabu gani". Atakudanganya, na si kwa ubaya, atakutajia vile vya shule kwa sababu ndivyo anavyovikumbuka. Muulize juzi ulichelewa kulala ukiangalia nini, ukisikiliza nini, ukibishana na nani kuhusu nini. Hapo ndipo udadisi wake ulipo. Kama ni sirizi, muulize ulitaka kujua nini mpaka ukashindwa kuizima.

Mfano kuna kijana wa bodaboda alikuja kutoa kopi ya leseni, mashine ikagoma ikabidi asubiri, tukaanza stori, kumbe usiku kucha alikuwa anasikiliza kwenye simu mambo ya misafara ya zamani. Ananiuliza "hivi bro, watu walikuwa wanatoka Bagamoyo wanaenda Tabora mpaka Ujiji kwa miguu kweli?" Nikamwambia kweli, kilomita kama 1,200 hizo, na mizigo kichwani. Akauliza "sasa yule anayebeba alikuwa anawaza nini?" Sikiliza hilo swali vizuri. Angeuliza walipita wapi, walibeba nini, nani alifaidika, ningempa kitabu cha historia. Ila "alikuwa anawaza nini" hilo ni swali la riwaya, rekodi za zamani mara nyingi hazikwambii mpagazi aliwaza nini maana wapagazi wengi hawakuacha maandishi. Nikamvutia Peponi ya Abdulrazak Gurnah, yule Mzanzibari aliyepata Nobeli 2021, imetafsiriwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis ikatoka 2022. Kuna mtoto anaitwa Yusuf, baba yake ana deni kwa tajiri, mtoto anachukuliwa kwa ajili ya deni hilo, baadaye anajikuta kwenye msafara wa kwenda bara.

Halafu hii ndiyo mbinu ninayoipenda kuliko zote, usiishie kwenye kimoja, kiandalie pacha wake wa upande wa pili. Pacha wa Peponi kwangu ni maisha ya Tippu Tip aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, Hamed bin Muhammed el Murjebi kwa jina lake kamili. Huyo ndiye tajiri wa msafara anaongea, anahesabu pembe, anahesabu bunduki, anasimulia vita kama mtu anavyokusimulia safari ya mnadani, haombi radhi wala hajielezi. Ukisoma viwili hivi karibu karibu, mtoto wa rehani huku na mwenye msafara kule, kimoja kinakuwa kinakijibu kingine. Lakini usimpe vyote siku moja! Cha pili unakitaja tu, "ukimaliza nina kingine cha yule tajiri", unamwacha na hamu.

Mapacha wengine ninaowatumia: mtu akipenda taarabu, au akivutiwa na Zanzibar ya zamani, nampa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, Yasmin binti wa Kihindi kaozwa mwanamume wa kumzaa, anatoroka, na mwisho anajikuta kwa watu wanaopigania uhuru. Pacha wake ni Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, kadogo, kasome jioni moja. Siti alizaliwa Fumba, kauza vyungu barabarani huku anaimba, mpaka 1928 kaenda Bombay kurekodi santuri. Nishawahi kuona dada mmoja kakaa kwenye benchi langu kakimaliza, ametoa kopi zake saa nne, kaondoka saa saba.

Na wale wanaouliza "zamani kabla ya wakoloni watu waliishije" jibu langu ni moja tu, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Huyu mzee alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, hakuna wa kukichapa, miaka ikaenda, akakigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka 1980 na yeye akafariki 1981. Ni riwaya lakini ndani utajua mpaka mtu alivyokuwa anatozwa pombe ya ndizi na wakwe ndio arudishiwe mke wake. Tatizo ni unene. Na hapa lazima uwe mkweli, mwambie kabisa "hiki ni kinene na kinaenda taratibu, kuna kurasa utaona anaeleza tu mambo ya shamba na mifugo, ruka ukitaka". Ukimwambia ubaya mapema hasusi, akiukuta mwenyewe atahisi umemuuzia mbuzi kwenye gunia. Rosa Mistika ya Kezilahabi vilevile, kabla hujampa binti wa mtu mwambie kina mambo mazito ndani, kiliwahi hata kupigwa marufuku mashuleni.

Kusimulia kitabu kizima usijaribu. Mimi naongea sentensi mbili halafu namfungulia ukurasa wa kwanza nasema soma hapa, naenda kuhudumia mteja mwingine. Nikirudi kama amegeuza ukurasa, imeisha hiyo. Kama ameshika simu narudisha rafuni, hakuna kinyongo.

Mengine ni ya kawaida tu. Anasomea wapi, kwenye daladala amesimama usimpe matofali. Kinapatikana? Maana kutaja kitabu ambacho hakipo popote ni kumtesa mtu, muelekeze Maktaba Kuu kwanza kabla hajatoa hela. Na ile orodha ya vitabu 30 unayomrushia mtu wasapu, bana, ataipa kidole gumba halafu basi, taja kimoja. Ah na akina sisi tuliokuwa watoto enzi za foleni za sabuni na sukari, ukikutana na kijana anauliza ilikuwaje mambo yakafunguka, mpe kumbukumbu za rais wa zamani Mzee Mwinyi, kitabu chake Mzee Rukhsa cha 2021, Kiswahili chake kitamu kama anaongea na wajukuu.

Akirudi usimfanyie mtihani. Usiulize "umejifunza nini", utadhani mwalimu wa zamu. Muulize tu umefika wapi.

Yule wa bodaboda alirudi baada ya siku kumi, hata helmeti hajavua, Peponi ina alama ya oili ukurasa wa juu. Anaanza "huyu Yusuf pale mwisho mbona..." nikamkatiza, kuna mteja nyuma yako hajasoma. Akacheka. Akasema leta huyo Tippu Tip. Changu ni cha fotokopi, kimebanwa na spairo, nikamwambia hicho sikiazimishi maana ndicho pekee, nakutolea kopi, akauliza "buku, elfu moja?" Nikamwambia kaka, buku ni kurasa kumi, hesabu mwenyewe. Kasimama pale anahesabu.