Kufunga besi kwenye shoo Dodoma: kuanzia shingo ya gitaa hadi kwenye mikisa

Besi ikivuma ovyo ukumbini, lawama ya kwanza huangukia ampu: ni ndogo, ni ya zamani, inunuliwe nyingine. Mara nyingi ampu haina kosa. Kosa liko kwenye waya, kwenye umeme au mahali spika ilipokaa, na yote matatu yanarekebishika bila kununua kitu kikubwa. Mwongozo huu ni kwa anayepiga harusi na sendoff kwenye kumbi za mjini, mikutano ya injili uwanjani, au shoo za jenereta kule Kongwa na Mpwapwa.

Hatua ya 1: Angalia shingo siku mbili kabla

Besi iliyokaa Dar es Salaam ikiletwa Dodoma wakati wa kiangazi, mbao yake hupoteza unyevu. Shingo hunyooka kupita kiasi au hupinda kwenda nyuma, nyuzi zinaanza kugonga fureti (vile vyuma vidogo vilivyokatiza shingo) za 1 hadi 4, na ncha za fureti zinachoma kiganja. Usikimbilie kuinua briji, kile chuma cha mwilini kinachobeba nyuzi. Tuni kwanza, kisha bonyeza uzi mnene wa E kwenye fureti ya 1, na kwa mkono mwingine ubonyeze pale shingo inapoungana na mwili. Chungulia juu ya fureti ya 7 au 8. Nafasi kati ya uzi na fureti iwe milimita 0.3 hadi 0.4, yaani karibu nusu ya unene wa kadi ya benki.

Kama hakuna nafasi kabisa, legeza chuma cha ndani ya shingo kwa alenki inayokaa sawasawa, robo mzunguko tu, kinyume cha saa. Tuni tena, iache hadi kesho yake, upime upya. Ndiyo maana ya siku mbili. Nati ya chuma hicho ikigoma, iache: ikishakwanguka meno, shingo nzima inaingia gharama.

Hatua ya 2: Kagua waya mmoja mmoja

Fungua kofia ya jeki uangalie ndani. Waya wa katikati uwe umeshikwa na risasi inayong'aa kwenye ncha, na wavu unaouzunguka uwe umelehemiwa kwenye mwili wa jeki bila unywele hata mmoja kuugusa waya wa katikati. Risasi iliyofifia na yenye vidonda kama uji uliokauka ndiyo inayokatakata sauti mguu unapokanyaga waya. Ilehemu upya, kisha kaza kile kibano cha nyuma kishike ganda la waya, si nyuzi za ndani.

Waya wa gitaa na waya wa spika hufanana kwa nje, jeki zao ni zile zile, lakini si kitu kimoja. Wa gitaa una kiini chembamba ndani ya wavu. Wa spika una nyaya mbili nene zinazolingana. Kwa besi tumia milimita za mraba 1.5 au 2.5. Ukiunganisha ampu na spika kwa waya wa gitaa, waya unapata moto, nguvu inapotea, na ganda likiyeyuka ampu inaweza kuungua.

Kabla hujaunganisha spika mbili, soma namba ya omu (kizuizi cha umeme) nyuma yake. Mbili za omu 8 zikiungwa sambamba zinakuwa omu 4, na ampu nyingi zinavumilia hapo. Mbili za omu 4 zinakuwa omu 2. Ampu iliyoandikwa mwisho wake omu 4 itapata joto na kujizima katikati ya wimbo, au itakufa.

Besi yenye betri ya volti 9: ipime kwa multimita. Mpya husoma zaidi ya 9. Ikishuka chini ya 8, badilisha. Dalili yake ni sauti kukwaruza ukipiga kwa nguvu, wakati ukipiga taratibu iko safi. Ukiacha jeki imechomekwa kwenye gitaa, betri inaendelea kuliwa hata kama hupigi.

Hatua ya 3: Umeme kabla ya sauti

Hapa usiwe na haraka, kwa sababu vidole vyako viko kwenye nyuzi na mdomo uko kwenye maikrofoni.

Pima soketi. Kati ya waya wa moto na nyutro utegemee volti 220 hadi 240, kati ya moto na ethi karibu kiasi hicho hicho, na kati ya nyutro na ethi karibu na sifuri. Ukiona vingine, ethi au laini yenyewe ina tatizo; mwite fundi umeme wa ukumbi. Angalia pia ekstensheni: plagi ya miguu miwili iliyochomekwa kwa kusukumia kijiti kwenye tundu la juu haina ethi, hata kama ukuta unayo.

Ampu ya besi na mikisa vichukue umeme mahali pamoja. Vikitoka soketi mbili za mbali, tofauti ndogo ya ethi inaleta mvumo wa hezi 50 ambao hakuna kitufe cha mikisa kinachoumaliza vizuri. Taa za mapambo na friji la vinywaji viwe kwenye laini nyingine, maana friji likiwaka spika zinapiga "pu!".

Sasa washa vyote, weka multimita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye nyuzi za besi, nyingine kwenye wavu wa maikrofoni. Ikizidi volti chache, mtu asiimbe mpaka chanzo kipatikane. Kukata mguu wa ethi ili mvumo uishe ni hatari ya kifo. Mvumo unaondolewa kwa swichi ya kuinua ethi iliyo kwenye boksi la DI (kile kiboksi kinachokaa kati ya gitaa na mikisa), ambayo inakata njia ya sauti tu na kuacha ulinzi wa umeme mahali pake.

Kwa jenereta: iwashe kwanza, itulie, pima volti, ndipo uweke mzigo. Namba ya kVA si kilowati. Jenereta ya kVA 2.5 kwa kawaida inatoa kama kilowati 2, na kuibana hadi mwisho kunafanya volti zicheze kila ngoma ya mguu inapopigwa.

Hatua ya 4: Mahali pa spika

Uzi wa E wazi unapiga hezi 41, na wimbi lake lina urefu wa kama mita 8.4. Spika ikikaa mita 1 kutoka ukutani, sauti inayorudi kutoka ukutani inakutana na ile inayotoka mbele na kuiua karibu na hezi 86. Hizo ni noti za fureti ya 2 na ya 3 kwenye uzi wa D. Mpigaji anaona noti mbili zimepotea, anaongeza besi yote, na nyingine zinazidi. Sukuma spika ikaribie ukuta kabisa, kisha punguza besi kidogo kwenye ampu.

Jukwaa la mbao lenye uwazi chini linavuma lenyewe kama ngoma. Weka spika juu ya kreti la soda na kipande cha godoro katikati. Inaachana na mbao, na inaelekea masikioni mwako badala ya magotini, kwa hiyo utapiga kwa sauti ndogo zaidi na maikrofoni za waimbaji hazitajaa besi.

Uwanjani hakuna ukuta wa kusaidia. Ukiwa na sabu (spika za sauti nzito za chini) mbili, usiziweke moja kushoto na nyingine kulia, zipange pamoja. Zikitengana, zinapeana nguvu katikati na kuuana pembeni, na watu wa pembeni hawasikii besi.

Hatua ya 5: DI na geini

Usichomeke besi isiyo na betri moja kwa moja kwenye tundu la laini la mikisa. Pikapu inazidiwa na sauti ya juu inakufa. Pitia boksi la DI. Kama DI inahitaji umeme, mwombe fundi mitambo awashe fantomu ya volti 48 (umeme ambao mikisa inautuma kupitia waya wa maikrofoni), chaneli ikiwa imezimwa. Mpe sauti inayotoka kabla ya ikwaliza ya ampu, ili ukijirekebishia jukwaani usimvurugie yeye.

Geini, yaani kiwango cha sauti inayoingia kwenye mikisa, ipangwe kwa sebene, si kwa wimbo wa kuabudu. Mkono unaopiga sebene ni mzito mara mbili. Piga kwa nguvu ile hasa, kilele kifike kama desibeli 12 chini ya taa nyekundu.

Hatua ya 6: Kugawana nafasi na ngoma ya mguu

Kata chini ya hezi 35 au 40. Huko kuna mtikisiko tu unaokula nguvu ya sabu. Mpe ngoma ya mguu eneo la hezi 60, besi ishike 90 hadi 100. Kwenye kumbi za vigae na gipsamu punguza desibeli 3 hivi kwenye hezi 200 hadi 250, ndiko kwenye ule mvumo wa pipa. Noti zisiposomeka, ongeza 2 au 3 kwenye hezi 700 hadi 900 kabla hujagusa volyumu. Watu wa nyuma wanaitambua noti hapo, si kule chini.

Kompresa (inayobana mipigo iliyozidi nguvu): 4 kwa 1, ianze kushika baada ya milisekunde 20 hadi 30, ipunguze desibeli 3 hadi 6 kwenye mipigo mizito. Zaidi ya hapo mdundo unalala.

Hatua ya 7: Kufungua

Shusha chaneli, zima ampu, ndipo fantomu, mwisho jenereta. Chomoa jeki kwenye gitaa. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu, upande wa chini pia, na ufunike ampu kabla gari halijaingia barabara ya vumbi: vumbi likipita matundu ya feni, linaganda ndani na ampu itaanza kujizima kwa joto.